Beji ya Namba Mbili

Ndung'u alifungua kiganja mbele ya bwana ofisa, na beji ya kofia yake ya Keya, jeshi la Mwingereza, ikang'aa. Marehemu mke wake aliisugua kwa majivu kila Jumamosi, mpaka tarumbeta iliyochongwa juu yake ikawa laini kama kipande cha sabuni. Leo beji hiyo ndiyo ingemzuia asipakiwe kwenye lori pamoja na Wakikuyu wenzake waliokuwa wakihamishwa kutoka Litein, akaliacha kaburi la mke huyo limezwe na magugu.

"Nilipigana Uhabeshi, bwana. Kikosi cha tatu. Mimi si Mau Mau."

Ofisa hakumtazama usoni. Wakubwa hawana macho ya kuona watu. Aliinamia beji na kioo cha kukuzia. Mezani kwake kitambaa chekundu kilijaa beji nyingine, safu kwa safu.

"Hii ni ya kikosi namba mbili. Ya Wanyasa."

"Tulibadilishana na rafiki yangu Mnyasa, akikata roho."

"Sema uliibia maiti, mzee," askari wa mlangoni akacheka.

"Ungeleta namba tatu ningekuamini," ofisa akasema. "Ungelala kwako." Akagonga nafasi tupu kwenye kitambaa. "Iweke hapa."

Ndung'u akatazama. Kando ya nafasi hiyo zilipangwa beji sita, zote za namba tatu. Moja bado ilining'iniza uzi wa kofia ya mtu.

"Na wenye hizi, bwana, walilala wapi?"

Nje lori likanguruma. Ofisa akanyoosha mkono. Ndung'u akafumba kiganja mpaka pini ikamchoma, na hakukifumbua.