Pikapu Inayolevya

Omollo alipofika gereji hakushuka. Alizima injini, akalalia usukani, na fundi Astère ilibidi agonge kioo mara tatu ndipo anyanyue kichwa. Saa moja asubuhi ya Jumatatu, mtu mzima wa benki, tai shingoni, anasinzia kama aliyekesha matangani.

Astère alikuwa ameshaambiwa. Jana yake Keziah, mke wa Omollo, alimpigia simu kutoka kwao, mtaa wa Observatory, akamsihi kama ndugu. Pikapu ya mume wake, bakkie ya mwaka themanini na sita, ina kasoro kwenye matundu ya hewa. Inampulizia kitu. Anafika kazini kichwa kizito, ulimi mzito, na wiki iliyopita alilala kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, hadi madereva wa teksi wakashuka kumtukana.

"Fundi, gari hilo litaniulia mume," alisema.

Astère, Mrundi aliyetengeneza magari mtaa wa Yeoville miaka tisa, aliingiwa na huruma. Wake wanaojali namna hiyo wamebaki wachache, alijisemea.

Ilikuwa Julai ya 2011, baridi ya kukata masikio. Walipandisha vioo, wakawasha injini na hita, wakakaa ndani kusikilizia. Feni ilinguruma vizuri, ila kwenye matundu ya dashibodi haikutoka hewa hata ya kupeperusha uzi. Omollo akafungua chupa ya chai. Keziah humjazia kila asubuhi, naye huinywa njiani, kwenye foleni. Hakujua kunywa peke yake akiwa na mtu, basi akamimina vikombe viwili.

Astère hakupokea. Kwao Burundi mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anywe bila wasiwasi. Omollo alicheka, akasema Warundi mna mambo, akapiga mafunda mawili makubwa. Hapo Astère naye akanywa, tena akaomba aongezewe.

Haikupita nusu saa dashibodi ikaanza kumtembea machoni. Alifungua mlango kwa kupapasa, akaketi ukingoni mwa barabara, kichwa katikati ya magoti. Aliogopa, na si kidogo. Moshi wa ekzosi unaingia ndani, aliamua, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu wameketi. Jioni alimweleza Keziah hivyo hivyo, wala hakuwa amepima kitu kingine chochote zaidi ya kichwa chake mwenyewe. Keziah alishukuru sana. Alimwomba arudie, taratibu, apate kuelewa. Kisha akasema matengenezo yasubiri Jumamosi, maana wiki hii mzee ana safari nyingi za kazi.

Jumamosi! Mtu anaambiwa gari lina gesi, anangoja Jumamosi. Lakini Astère hakuwa mtu wa kuingilia nyumba za watu.

Omollo hakungoja. Jumatano, akiteremka kilima, pikapu ilipanda njia ya watembea kwa miguu ikamkosa mama mmoja na mwanawe kwa hatua mbili. Alhamisi asubuhi alipita gereji akamkabidhi Astère funguo.

"Nina watoto wawili, fundi," alisema. "Itafute hiyo gesi leo. Usipoipata, iuze kwa vyuma chakavu."

Nyumbani hakuwa amesema kitu, asije akaanza siku kwa mabishano. Aliomba radhi kwamba hana muda wa kumimina chai. Leo mama watoto ametia tangawizi mpaka inauma, alisema, ataimaliza ofisini. Akaikumbatia chupa yake, akaenda kutafuta teksi ya Marshalltown, mjini, iliko benki yake.

Astère alifanya kazi kwa bidii ya mtu mwenye aibu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku aliyopaswa kuifanya. Alifungua sanduku la dashibodi, akafungua na kizimba cha feni. Akatoa majani makavu ya jakaranda, viganja na viganja, na kiota cha panya kilichosukwa kwa sponji ya kiti. Kebo ya kile kibao kinachogawa hewa ilikuwa imechomoka. Aliirudisha, na hewa ikatoka kwenye matundu yote. Kumbe ugonjwa wa matundu ulikuwa huo tu, kazi ya nusu saa.

Sasa gesi. Alipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya ekzosi, na hakuna kilichotoa hata kipovu. Aliwasha dawa ya mbu chini ya boneti, penye mipira ya mabomba ya hita, akangoja aone kama moshi utapenya ndani. Haukupenya. Akachanganyikiwa. Mwisho alirudi kwenye njia yake ya Jumatatu: alipandisha vioo, akawasha injini na hita, akaketi kungoja kizunguzungu.

Saa tano simu ililia. Alikuwa Keziah, na alikuwa analia. Wamempigia kutoka benki, alisema. Omollo alilaza kichwa mezani, wenzake wakadhani amechoka, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakata roho. Astère alimpenda yule bwana.

Keziah alijikaza. Polisi watakuja kumhoji, alisema, naye awaeleze kama alivyomweleza yeye, neno kwa neno.

"Waambie, fundi. Leo ameendesha na hiyo gesi toka nyumbani hadi mjini. Nimewaelekeza pikapu iko pale chini ya ofisi yake, wakaione wenyewe."

Astère alikumbuka vile vikombe viwili vya chai vya Jumatatu. Alikuwa ameketi ndani ya pikapu hiyo hiyo, Yeoville, vioo juu, injini ikinguruma tangu saa tatu, na kichwa chake kilikuwa chepesi kabisa.