Mlangoni kwa Fundi wa Majiko

"Ondoka mlangoni, Nurdini, nisije nikakupasua kichwa mbele ya watu."

"Pasua, Mama Awadhi. Hapa mlangoni siondoki."

Kuluthumu alikuwa ameshika mchi wa kinu kwa mikono miwili. Miaka yote alimwita jirani yake Baba Shamila, hata siku walizogombania kamba ya kuanikia nguo. Leo kamtaja jina kavu, na nusu ya mtaa wa Ng'ambo iliyojazana barazani ilijua kwamba ujirani umekufa.

Habari ilikuwa imezunguka tangu alfajiri. Jana askari wa msitu waliwavamia wachoma mkaa porini, nje ya njia ya Isikizya. Walibomoa matanuri, wakachoma baiskeli, wakapiga watu virungu mpaka Renatus, mwenzake Awadhi, akakata roho akiwa kifudifudi kwenye majivu ya moto. Awadhi mwenyewe, mtoto pekee wa Kuluthumu, hajaonekana, si mzima si maiti. Na aliyeonekana akiwatangulia wale askari porini, hana pingu, hasukumwi, ni huyu huyu Nurdini, fundi wa majiko, aliyewahi kuchoma mkaa na marehemu baba yake Awadhi na anayejua kila tanuri lilipo.

Msitu ule ulikuwa wa wanakijiji mpaka kamati yao ilipotia saini mkataba wa hewa ukaa. Kampuni ya Ulaya ingelipa ili miti isikatwe na dunia isizidi kuchemka. Ikajengwa zahanati, mwenyekiti akapata gari, watu wakapiga makofi. Baadaye makofi yakahamia mashavuni. Malori ya magogo yenye vibali yaliendelea kupita mchana kweupe, na mabani ya kukaushia tumbaku yaliendelea kula kuni. Mwenye baiskeli na magunia mawili ndiye aliyegeuka adui wa hewa.

"Uliwapeleka, hukuwapeleka?" Kuluthumu aliuliza.

"Niliwapeleka."

Watu waliguna. Zuwena muuza vitumbua akadakia kwamba malipo yenyewe yanajulikana, mtungi wa gesi, si aliuchukua ofisini kwa kampuni juzi mbele ya macho yao? Hakusema kwamba yeye pia wake upo sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mchi ulitua begani kwa Nurdini na mfupa ukalia. Wa pili ulimpata mdomoni, damu ikaruka mpaka kwenye kanga ya Kuluthumu. Hapo kila mwenye hasira zake akazileta: mawe, mateke, vipande vya tofali. Majiko aliyoyapanga ukutani kwa ajili ya gulio yalikanyagwa yakawa bapa. Uchochoro wa pembeni ulikuwa wazi. Mtu mwingine angetimua mbio. Nurdini hata hakuutazama. Alishika miimo ya mlango huku na huku, akajitandaza kama ngozi inayowambwa, akapigwa.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka, askari wawili wa jana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki. Tangu asubuhi walikuwa wakiulizia Awadhi mlango kwa mlango. Kuluthumu aliamini wamekuja kumlinda mtu wao, lakini mawe yaliporindima hawakuinuka. Mmoja alikuwa anatafuna muwa, anatema makapi.

"Hata mabwana zake wamemchoka," alisema Zuwena.

Kuluthumu akauacha mchi uanguke. Mwanamke yule hakujaliwa uso wa kuficha jambo. Akifurahi, hata mtaa jirani wa Cheyo wanajua. Akinuna, Cheyo wanajua. Na sasa uso wake ulikuwa umevunjika kabisa.

"Niambie tu amelala wapi," alisema. "Nikamchukue, nimzike. Mengine utajibu kwa Mungu."

Nurdini alimtazama, akawatazama wale askari kupitia juu ya kichwa cha mwanamke, akatema jino.

"Lia, Mama Awadhi," alisema. "Lia sana."

Umati ulinguruma. Kumuua mtoto wa mwenzako, kisha unamkejeli mbele za watu! Lakini Kuluthumu alikuwa ameshapiga ukelele, ule wa kilio cha msiba ambao mtu hafundishwi wala hauigizi, akajitupa chini na kuuchota mchanga. Akina mama wakaitikia. Yule askari akatupa muwa, akamnong'oneza mwenzake, na pikipiki ikawashwa.

Kijana mmoja alikuwa ameshaleta chupa ya mafuta ya taa. Kiberiti kilikuwa ndiyo kimeletwa, ndipo gari lililobeba jeneza la Renatus lilipokata kona, likipita taratibu kwenda makaburini. Hakuna anayekaa maiti ikipita. Watu walivuta kanga, walivua kofia, wakalifuata, wakiapa kwamba wakirudi watamalizana na msaliti.

Kuluthumu hakuwafuata. Alijiinua kwa magoti, akaokota chupa na kiberiti vilivyoachwa, akammwagia Nurdini mafuta kifuani, akayamwaga na kwenye mbao za mlango mpaka chupa ikakauka. Njiti ikashika moto.

Nurdini bado alikuwa anatazama mwisho wa barabara, pikipiki ilikokuwa ikiishia nyuma ya msafara wa maziko. Alingoja mpaka mlio wake ukapotea kabisa na vumbi likatulia. Ndipo alipoachia miimo ya mlango.

"Zima hicho kiberiti," alisema kwa sauti ndogo, "uingie ndani ule, Mama Awadhi. Niliwatangulia wale ili nimfiche mwanao kabla hawajamfikia. Kijana hajagusa chakula tangu jana. Anasema bila mama yake hanawi."