Winga Asiye na Kichwa

Kwenye ukuta wa ukumbi wa mashabiki wa Glenarrie, mchoraji alikuwa amemaliza wachezaji sita. Wa saba alikuwa na jezi ya kijani, kaptura na miguu, ila hakuwa na kichwa.

Wale sita walipatikana kwa kura na matusi. Klabu haikuwahi kushinda kombe lolote, kwa hiyo kamati iliamua kuwapima wachezaji kwa kipaji tu: nani aliruka juu kuliko wote, nani alikaba, nani alipiga mashuti. Kichwa bora alipewa Hector Baird, ambaye kwa maneno ya mjane wake hakuwahi kukitumia kwa kazi nyingine. Mkabaji bora alikuwa Lachie Munro, aliyewahi kuwaangusha winga, mshika kibendera na mbwa wa polisi katika dakika moja.

Zilibaki chenga, na hapo Murdo Geddes, mwenyekiti, akagoma kupiga kura.

Murdo alikuwa na miaka hamsini na minane na alikuwa na mchezaji wake, ila hakulijua jina lake. Alimwona mara moja tu, akiwa na miaka sita, mabegani kwa baba yake. Mvua ilikuwa imeugeuza uwanja wa Glenarrie kuwa uji, na wachezaji wote ishirini na wawili walikuwa wa rangi ya tope. Winga mmoja, soksi zimemwangukia miguuni, alimpiga beki tobo katikati ya miguu, akamvisha wa pili kanzu kwa kuupitisha mpira juu ya kichwa chake, akamkalisha wa tatu kwenye dimbwi, kisha akatembea na mpira hadi golini. Baba yake alirusha kofia juu na hakuiona tena. “Mwangalie vizuri huyo, mwanangu,” alisema.

Baba alikufa majira ya kuchipua yaliyofuata. Ile ndiyo mechi pekee waliyoangalia pamoja. Tangu siku hiyo Murdo hakukosa mechi ya Glenarrie, na chuki yake kwa Balmorrin, klabu ya mji wa jirani, ilikuwa ya kutisha. Binti yake alipoolewa na kijana wa huko, Murdo alimsindikiza hadi mlango wa kanisa, akakataa keki, na kwa miaka minne alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa binti huyo.

“Kama alikuwa mkali kiasi hicho,” Tam Lockhart, mweka hazina, alimuuliza, “alikuwa anatafuta nini kwetu, bwana?”

Isla Rennie, katibu, alikuwa na huruma zaidi. Aliweka tangazo kwenye gazeti la wilaya, akieleza tope, soksi, tobo na kanzu. Baada ya wiki tatu ikaja barua kutoka kwa mwanamke mmoja aliyesema kwamba huyo si mwingine ila mjomba wake, Wattie Pringle, mwenye miaka themanini na mbili, mzima wa afya, na kwamba hadithi ya beki aliyekaa dimbwini huisimulia kila Krismasi mpaka watu wanaficha chupa.

Isla alitaka kwanza kulitafuta jina hilo kwenye daftari la wachezaji. Lakini madaftari ya miaka ile yalioza paa lilipovuja, na Murdo hakutaka kusubiri. Alitafuta picha ya mzee, akampa mchoraji, na Jumapili mchana winga akapata kichwa.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mechi, watu mia moja na zaidi walijaa ukumbini wakila pai za nyama. Mzee Wattie aliingia na mkongojo, nadhifu, viatu vinang’aa. Murdo alikuwa ameandika hotuba ya kurasa mbili na alishindwa kuimaliza ya kwanza. Alipofika kwenye neno “baba” alizikunja karatasi, na Isla akavuta pazia lililoufunika mchoro kwa niaba yake.

Watu walipiga makofi. Mzee Wattie aliusogelea ukuta na kujitazama.

“Uso mmeupata,” alisema. “Lakini mbona mmenivisha jezi ya hawa?”

Watu walicheka, wakidhani ni uzee. Yeye hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba alichezea Balmorrin miaka kumi na mmoja, kwamba siku ile ya tope waliifunga Glenarrie nne bila, na kwamba alidhani ameitwa kwa sababu watu wa huku hatimaye wamejifunza adabu.

Tam aliinamia pai yake, mabega yakitikisika. Murdo alibaki ameshika karatasi zake.

“Lakini baba yangu alikushangilia,” alisema. “Alirusha kofia.”

“Mlisimama wapi, kijana?”

“Nyuma ya goli la upande wa reli.”

“Hapo ndipo walipowafungia mashabiki wetu, na polisi mlangoni.” Mzee alimtazama usoni, kama mtu anayetafuta sura nyingine ndani yake. “Baba yako alikuwa nani?”

“Angus Geddes. Alikuwa akiendesha gari la mikate.”

Uso wa mzee ulichanua wote. Aliuachia mkongojo ukaanguka, akamshika Murdo mikono yote miwili.

“Angus! Wewe ni mtoto wa Angus? Yeye ndiye aliyetutungia ule wimbo wa kuwatukana Glenarrie.”

Na kwa sauti nyembamba akaanza kuuimba, na hapakuwa na mtu ukumbini asiyeyajua maneno yake.