Maji ya Ng'apalo

Mchumi yeyote aliyependekeza kijiji fulani kisubiri kisima kwenye mpango wa taifa wa tabianchi, sheria ilimtaka anywe maji ya kijiji hicho kila asubuhi, nyumbani kwake, mpaka kisima kipya kichimbwe.

Dokta Maulaga ndiye aliyesema Ng'apalo wasubiri. Kwa miezi saba alikuwa akiziba pua na kumeza yale maji ya kijani, yenye chumvi na harufu ya ngozi iliyooza, huku watoto wakihamia barazani na chai yao. Hakuwahi kutapika hata siku moja. Kichefuchefu kilikuwa haki yake, na hata alikionea fahari kidogo.

Asubuhi hiyo Kibwe, tarishi wa ofisi, alileta chupa kama kawaida. Maulaga akajaza glasi, akaziba pua, akanywa kwa mkupuo mmoja. Maji yalikuwa matamu.

"Wamechimba kisima?" aliuliza.

"Kisima kitoke wapi, Dokta, na ni wewe mwenyewe uliyekiahirisha?" Kibwe alitabasamu kwa adabu. "Wakubwa wamekuonea huruma. Wenzako wote wanaletewa haya tangu mwaka jana. Weka sahihi hapa kwamba umekunywa ya Ng'apalo."

"Afadhali," alisema mkewe, akikinga glasi yake naye aonje. "Nyumba ilishaanza kunuka, Baba Sifa. Weka sahihi, Kibwe asichelewe."

Maulaga aliweka sahihi. Kisha akakimbilia sinki, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba akatapika, maji safi yasiyo na harufu yoyote.