Zamu ya Tumpe Kuona Miombo

Siku hizi kila nyumba hutoa mtu mmoja tu kwa mwaka kwenda kutembea kwenye msitu wa hifadhi, kabla ya mvua, miombo inapochipua majani mekundu. Akirudi, anawasimulia wa nyumbani. Mwaka huu tulimpa zamu binti yangu Tumpe, kwa sababu bibi yake yu kitandani na alitaka kusikia kwa mdomo wa mjukuu.

"Haya, nipandishe kilima," Bibi akamwambia Tumpe aliporudi.

Tumpe akampandisha kwa maneno. Majani mapya, laini, mekundu kama mawese, jua likipenya mpaka njia nzima ikawaka.

"Taratibu, we mtoto! Miguu yenyewe ndiyo hii!" Bibi akacheka hadi akakohoa, kisha akasinzia akitabasamu. Mimi kichwa kilinivimba kwa fahari. Mwanangu huyo!

Nilipokuwa namfunika shuka, Tumpe akaninong'oneza, "Mama, miti ilikuwa mitupu, haina hata jani. Nimesema vile ulivyotusimulia wewe mwaka jana."

Nikambusu, fahari ikazidi.

"Na wewe, Mama, nani alikusimulia?"

Nilimtazama Bibi, aliyekwenda msituni kabla yetu sote na kunisimulia majani yale yale, bado anatabasamu usingizini.