Pasi ya Nyumbani kwa Nereyda

"Rudia, mwanangu. Yale uliyoyasema jana darasani, mama yako naye ayasikie."

Belkis alisimama mbele ya meza ya mwalimu Ercilia, akichezea vifungo vya sare. Mama yake, Nereyda, alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti juu, kilemba amekikaza mpaka kwenye nyusi. Mlangoni, akina mama watatu waliokuja kuchukua watoto wao walikuwa wamesahau kuondoka.

"Ulituambia tueleze chombo cha nyumbani na asili ya jina lake," Belkis akaanza. "Mimi nikachagua pasi ya nywele. Inaitwa pasi kwa sababu kabla hazijaja zile za umeme kutoka New York, watu walinyoosha nywele kwa pasi ileile ya nguo. Kwetu mpaka leo. Mtu analaza kichwa mezani, anafunikwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, halafu..."

"Inatosha!" Mwalimu alikuwa ameziba mdomo, mabega yakimtikisika. "Hata jana hakumaliza, Doña Nereyda. Darasa zima liliangua kicheko. Jumapili tunafunga shule, nataka ayaseme jukwaani. Mji wote wa Baní utavunjika mbavu!"

Nereyda alihisi uso unamwaka. Laiti ardhi ingepasuka immeze pale pale na kile kiti kidogo.

"Mwalimu, nakuomba sana. Mpe chombo kingine. Kinu, kikaango, chochote. Hili likitoka nje, nyumba yangu imekwisha."

"Heh! Kumbe ni kweli?" mmoja wa wale wa mlangoni akadakia. "Na vilemba vyote hivyo! Kumbe mwenzetu anapigwa pasi kama shati la kanisani!"

Wakacheka, wakapigana vikumbo. Belkis akawageukia, macho yamemtoka. "Lakini si..."

Nereyda akamfinya mkono. Kisha mama huyo akavificha vidole vyake chini ya mkoba wake, maana vilikuwa na makovu ya moto, mapya na ya zamani.

"Usione haya, mama, wote tunahangaika na nywele," mwalimu akasema, kwa ile huruma inayouma kuliko tusi. "Mumeo anajua?"

"Anajua."

"Maskini Don Radhamés! Mwimbaji yule, mwanamume mzuri kuanzia unyayo mpaka unywele, anarudi nyumbani anakuta mkewe kalala mezani anafuka moshi! Haya, tumalize. Sema mwenyewe kwamba ni wewe, na Jumapili mtoto ataeleza kinu."

Nereyda akatazama sakafu. Alijua kabla jua halijazama jina lake litakuwa sokoni, litakuwa kisimani, litakuwa kanisani.

"Ni mimi," akasema.

"Basi vua kilemba tuione kazi!" sauti ikatoka mlangoni.

Akakishika kilemba kwa mikono miwili, kwa nguvu, akainuka. Kile kiti kikaanguka. Akamvuta Belkis, akawapita wale wanawake bila kuinua kichwa, na kicheko kikawafuata mpaka getini.

Njia nzima mtoto alilia. "Mama, umesema uongo."

"Nyamaza, Belkis. Futa kamasi."

Nyumbani akawasha mkaa, akaweka pasi ya chuma ipate moto, akatandika shuka mezani. Radhamés akatoka chumbani amevaa suruali nyeupe ya jukwaani.

"Wamesemaje huko shuleni?"

"Nimewaambia ni mimi."

"Afadhali," akashusha pumzi. "Afadhali wewe." Akazifungua nywele zake ndefu, zile ambazo wanawake wa Baní hulipa kiingilio wazione akizirusha, akavuta kiti, akalaza kichwa mezani. "Fanya haraka, basi. Dansi linaanza saa mbili."