Kibati cha Jiko

Kwanza niliona chembe ya ugoro kwenye kibati cha jiko, imelowa, bado inang'aa. Ilikuwa ya baba mkwe.

Siku hizi hakuna jiko linalowaka bila mate. Mwenye nyumba analamba kibati, kisha mpishi analamba palepale kabla hapajakauka. Jiko likishawaonja wote wawili, linawaka.

Kwetu mkaza mwana hampi baba mkwe mkono, hakalii kiti chake wala hamsemeshi. Nikikutana naye njiani, naingia majanini ili apite. Lakini kila asubuhi nalamba mate yake.

Leo nililamba, jiko likasema, "Ladha hafifu. Rudieni."

Baba mkwe akainama, akalamba tena, kisha akageuzia uso ukutani kama adabu inavyotaka. Uzi wa mate ukabaki unaning'inia kwenye kibati.

"Bandika ulimi, wifi," Namsifu, dada wa mume wangu, akacheka. "Mbona kwenye nyama hauna aibu?"

"Ni mashine tu, mwanangu," mama mkwe akasema. "Mashine haijui ukwe."

Mimi naujua, nilimjibu kimoyomoyo, kama siku zote. Mtoto wangu alikuwa analilia uji. Nikainama, harufu ya ugoro ikanijaa puani, nikainuka.

Nikamgeukia baba mkwe, nikamsemesha kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Baba, mate yako yananitia kinyaa. Tangu siku ya kwanza."